Usukani Nao Hupimwa

Sisi walimu wa kujitolea tumezoea kuwaandikia habari za mitihani, utoro na usafi wa madarasa. Mwezi huu tunaomba tuwaeleze jambo ambalo sisi wenyewe tulifundishwa, tena baada ya kukosea. Ni habari ya usukani wa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono.

Katika darasa la nne tunaye binti wa miaka 11. Miguu yake haimbebi tangu alipougua akiwa mchanga, na mkono wake wa kushoto una nguvu kidogo tu. Kwa miaka mitatu mama yake alimleta shuleni akimbeba mgongoni. Lakini mtoto anakua, mgongo wa mama haukui. Kwa hiyo mwaka jana alipopata msaada wa baiskeli, mpya kabisa, bado imefungwa plastiki, shule nzima ilipiga makofi. Tulisema, sasa mama atapumzika.

Wiki mbili hazikuisha, mtoto akaanza kukosa shule. Tulipokwenda nyumbani alituambia, "Mwalimu, inanikatalia kwenda nyooko. Inatikisika tu." Tukamjibu kama walimu wanavyojibu: zoea, jitahidi, hata wenye miguu yao huanguka wakijifunza. Akajitahidi. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa bombani, baiskeli ilipinda yenyewe ikamtupa kwenye mtaro. Akapasuka kidevu. Akakaa nyumbani wiki tatu, na mama yake akatuambia, "Walimu wangu, aksanti kwa msaada, lakini bora mgongo wangu." Neno lile lilituuma.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikuwa tunasifia kitanda.

Tukaenda kwa fundi mmoja mzee aliyefika hapa mwaka 2023 akitoka Kivu ya Kaskazini. Wanaotoka upande ule wanaijua chukudu, ile kinga ya mbao isiyo na pedeli, inayobeba viazi, makaa na magunia ya maharage kutoka vilimani hadi Goma. Mjini Goma ilisimamishwa hata sanamu yake mwaka 2009. Mzee wetu alizichonga miaka mingi. Alituambia kwamba katika chukudu mbao yoyote ngumu itabeba mzigo, ila kazi yenyewe iko kwenye usukani: pale gurudumu la mbele linapogeukia. Pakilegea, mzigo unamlalia mwenyewe. Pakikaza mno, hageuki na anaingia shimoni. Kwa hiyo fundi hamwuzii mtu chukudu bila kumsimamisha aishike kwanza.

Alipofika nyumbani kwa yule binti hakuanza na baiskeli. Alianza na mtoto. "Mama, kaa hapo. Nyoosha mikono. Sasa zungusha kama unasaga." Akapima kwa kamba kutoka bega hadi kiganja, kutoka kiti hadi kifua, kutoka goti hadi pedeli. Ndipo akageukia baiskeli, akatuonyesha makosa manne.

La kwanza, nguzo ya usukani ilikuwa ndefu. Baiskeli ilitengenezwa kwa mtu mzima, kwa hiyo pedeli za mikono zilikuwa zinazunguka usawa wa kidevu cha mtoto. Mkono ulioinuliwa juu ya bega hauna nguvu na huchoka upesi. Pedeli zinatakiwa zizunguke usawa wa kifua.

La pili lilitushangaza zaidi. Walioiunga walifunga pedeli zikipishana, moja juu na moja chini, kama za baiskeli ya miguu. Hapo ndipo palipokuwa na ile tikisatikisa yote. Katika baiskeli hii nguzo moja inafanya kazi mbili, inaendesha gurudumu la mbele na inaligeuza. Pedeli zikipishana, mkono mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta, na usukani unapinda kulia na kushoto kila mzunguko. Zikifungwa sambamba, mikono yote miwili inasukuma pamoja na kuvuta pamoja, na gurudumu linabaki limenyooka. Kwa mtoto ambaye mkono mmoja ni dhaifu kosa hilo ni baya mara mbili, kwa sababu mkono wenye nguvu unaushinda mwenzake.

La tatu, gololi kadhaa hazikuwemo kwenye kikombe cha chini cha usukani, basi nguzo ilikuwa inacheza. La nne, hakukuwa na kizuizi, gurudumu liliweza kugeuka mpaka mwisho. Baiskeli ya gurudumu moja mbele, ikikatwa kona ghafla kwenye mteremko, hulala ubavu. Ndivyo ilivyokuwa siku ya mtaro.

Kumbe mtoto alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Hapo ukaja mjadala mgumu. Kupunguza nguzo maana yake ni kuikata kwa msumeno wa chuma. Wengine kati yetu waliogopa: hii ni mali ya msaada, tukiiharibu tutajibu nini? Tukaomba ruhusa kwa waliotuletea, wakakubali. Lakini mama alikuwa na swali zito kuliko letu. "Mkikata na ikashindikana, mtoto wangu atabaki na nini?" Hatukuwa na jibu. Mzee ndiye aliyejibu, "Mama, hatutaitupa hata sentimita moja. Tutakata kwa namna ambayo inaweza kurudi." Mama akamtazama binti yake. Binti akasema, "Kata, Babu."

Tukakata sentimita 8. Ndani ya nguzo mzee aliingiza bomba jembamba lililokaa sawasawa, akatoboa kwa drili ya mkono na kupitisha bolti mbili juu ya mkato na mbili chini yake, zikipishana kama msalaba ili nguzo isijisokote. Lile bomba la ndani lina matundu ya ziada: mtoto akikua, nguzo itapandishwa, na kipande kilichokatwa kitarudi mahali pake.

Nguzo ikifupishwa, mnyororo unalegea. Tulilifanya kuwa somo la hesabu darasani. Mnyororo unapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kwa hiyo sentimita 8 za nguzo ni sentimita 16 za mnyororo. Kiungo kimoja cha mnyororo wa baiskeli ni milimita 12.7. Gawanya: unapata 12 na kitu. Viungo huondolewa viwili viwili, kwa hiyo tukatoa 12, na ulegevu uliobaki ukamalizwa kwa kuvuta ekseli. Aliyepata jibu wa kwanza alikuwa binti mwenyewe, aliyekuwa amerudi siku hiyo kwa mgongo wa mama.

Mengine hayakuchukua muda. Pedeli moja ilichomolewa, ikazungushwa nusu duara, ikafungwa tena sambamba na mwenzake. Gololi mpya na grisi ziliwekwa. Bolti mbili ziliwekwa kama vizuizi ili usukani usigeuke kupita kiasi. Mshikio wa kushoto ulinenepeshwa kwa vipande vya mpira wa tyubu, kwa sababu kiganja dhaifu hushika kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba. Breki ilihamishiwa kulia. Nyuma ya kiti ukawekwa ubao ili mtoto asogee mbele, lakini mzee alihakikisha ngumi moja inapita kati ya pedeli na goti.

Kwanza tulipakia gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto, tukaisukuma kwenye mteremko uleule wa bombani. Ilikwenda nyooko. Kesho yake binti alipanda mwenyewe. Sisi walimu tulisimama kwenye mtaro, tumepanga mstari kama golikipa watano. Alishuka polepole, akashika breki, akakata kona ya kuelekea shuleni, akatupita bila kututazama. Mama yake hakupiga vigelegele. Alikaa chini kwenye jiwe akajifunika uso kwa kitenge.

Baadaye tulisoma kwamba mwaka 1655, huko Ujerumani, fundi saa aliyeitwa Stephan Farffler, kijana wa miaka 22 asiyeweza kutembea, alijitengenezea gari la magurudumu matatu la kuzungusha kwa mikono. Alijipima mwenyewe. Na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, likisema mtu apimwe kwanza, kifaa kirekebishwe kimfae, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Sisi tulifanya sherehe, tukasahau hayo yote.

Ndugu wazazi, kama nyumbani kuna baiskeli ya namna hii, tunaomba muangalie haya:

1. Pedeli za mikono zizunguke usawa wa kifua, zisifike kidevuni.
2. Pedeli zote mbili ziwe sambamba.
3. Shika breki, kisha tikisa usukani mbele na nyuma. Ukisikia unagonga, gololi au vikombe vina kasoro.
4. Usukani usigeuke mpaka mwisho, na pedeli isiguse goti.
5. Muulize mwenyewe anayeipanda, na mumwamini.

Msikate wala kutoboa kitu bila fundi anayejua, na bila kuomba ruhusa. Njooni shuleni alasiri, tutawapeleka kwa mzee.

Hatusemi kwamba shida imekwisha. Mvua ikinyesha, udongo wetu huu mwekundu unanasa magurudumu, na kwenye kilima cha shule wenzake bado wanamsukuma. Juzi alituambia mikono imerefuka, anataka nguzo ipande tundu moja. Safari hii hatukumwambia azoee. Tulikwenda kutafuta spana.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.