Siku 126 za Fundi

Nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni ya malori yenye yadi mbili: kubwa ipo Uyole, Mbeya, na ndogo ipo Ipogolo, pale chini ambapo barabara kuu ya Zambia inapita kabla hujapandisha mlima kuingia Iringa mjini. Karani wa mishahara anayajua mambo ya watu ambayo hata majirani zao hawayajui. Anajua nani anakatwa mkopo, nani anasomesha watoto wa marehemu ndugu yake, nani ataomba advansi kabla mwezi haujafika katikati. Kwa hiyo Fundi alipoanguka, watu wote ofisini waligeuka kunitazama.

Alikuwa fundi wetu wa umeme wa magari, na jina lake la kazi lilikuwa limelimeza la kuzaliwa. Familia yake ilikaa Ipogolo, yeye akifanya kazi Uyole na kwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Aliniita dada, mkewe akawa wifi yangu. Presha alikuwa nayo tangu zamani, ila dawa alikunywa anapojisikia vibaya, akijisikia nafuu anaziacha. Wengi wanafanya hivyo, na presha haina desturi ya kupiga hodi.

Ilikuwa Machi 2011, jioni, mvua ya Mbeya ikinyesha ile ya kutokata. Spana ilimdondoka mkono wa kulia. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Alipotaka kusema, mdomo ukaenda upande na sauti ikatoka bila maneno. Vijana walidhani amepigwa shoti. Mmoja akanong'ona kwamba katupiwa kitu. Tukampakia kwenye pikapu hadi Hospitali ya Rufaa. Daktari alituambia ni kiharusi, kimeshika upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mwili umepooza kulia na usemi umepotea. Akatuonya pia kwamba mgonjwa anasikia na anaelewa, tusimzungumzie kama vile hayupo.

Kumpigia wifi simu lilikuwa jambo moja. Kumfikisha Mbeya lilikuwa jingine. Miaka ile mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, na kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Dereva wetu mmoja alikuwa amelaza lori Ipogolo akielekea Tunduma. Nilimwamsha, akaenda kugonga mlango wa wifi, wakatembea usiku kucha kupitia Mafinga, Makambako na Chimala. Alfajiri wifi aliteremka kwenye lango la hospitali amejifunga mashuka mawili kwa baridi. Nikamwambia "Kamwene," kwa Kihehe changu cha kubabaisha, akanishika mikono bila kuitikia, akauliza wodi iko wapi.

Wiki ya kwanza ya ugonjwa haina upungufu wa watu. Chupa za chai zilijaa chini ya kitanda hadi sista akalalamika. Karatasi ya michango ilizunguka yadi zote mbili, na madereva waliokuwa Zambia walituma kwa simu walipovuka mpaka. Nilipomkabidhi wifi hesabu, nilimwomba jambo moja: nusu ya fedha tusiiguse. Baadhi ya wenzangu hawakulipenda hilo. Walisema fedha ya mgonjwa iliwe na mgonjwa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naandaa mishahara, na nilijua kitakachotokea siku ya 64.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata analipwa nusu. Meneja aliona mwezi mmoja unatosha, kisha tumwombee mwenzetu heri. Nilimpelekea kitabu cha sheria kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe, pamoja na ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazi. Alisoma, akakaa kimya, akatia saini. Lakini hata sheria ikifuatwa vizuri, ile nusu inaanza watu wakiwa wameshazoea ugonjwa na chupa za chai zimekoma kuja. Kwa Fundi ingeangukia mwishoni mwa Mei, na Julai shule zinafungua, ada zinadaiwa.

Mshahara wenyewe ulikuwa na mkasa wake. Uliingia benki, kadi ipo, namba ya siri iko kichwani mwa mtu asiyeweza kutamka wala kuandika. Wifi alijaribu mwaka wa ndoa, akajaribu mwaka aliozaliwa kifungua mimba, mashine ikaimeza kadi. Niliandika barua ya kuomba mshahara wake alipwe mkewe taslimu hapohapo ofisini. Nikamsomea Fundi kitandani pole pole, mara mbili, mbele ya mashahidi. Aliitikia kwa kichwa, akaweka dole gumba la kushoto. Nilisisitiza asomewe. Fedha ilikuwa yake, na hata mkewe hakutaka ichukuliwe bila yeye kukubali.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumzia kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kule Samunge, Loliondo, alikuwa akiwanywesha watu dawa kwa shilingi 500, na wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa huko. Baba mkubwa wa Fundi, mzee wa Kalenga, alifika na nauli mkononi. Gari lilikuwa limepatikana. Mafundi wawili wetu walimuunga mkono, wifi akawa katikati, na mimi sikuwa na haki ya kumwamulia mgonjwa wa watu. Nikamwambia, "Baba, kabla hamjaondoka, kaa kidogo wakati wa chakula uone anavyolishwa."

Sista alimkalisha Fundi wima, akampa maji kijiko kimoja kidogo. Nusu yalichuruzika upande wa kulia, yaliyobaki yakampalia. Alikohoa hadi macho yakatoka machozi. Sista akaeleza kwamba koo nalo limepooza upande, maji yanakwenda mapafuni, na homa ya mapafu huwaua wagonjwa wa kiharusi walioanza kupata nafuu. Kisha akachukua uji mzito, akautia shavu la kushoto, akamwinamisha kidevu kidogo, akangoja koo lishuke. Kijiko kingine hakukitia mpaka alipohakikisha mdomo ni mtupu. Mzee alitazama bakuli lote likiisha. Mwisho akauliza, "Na hicho kikombe cha huko, si maji maji?" Sista akasema ndivyo alivyosikia. Mzee akarudisha nauli mfukoni na kuuliza kama anaweza kufundishwa kulisha. Alikaa Mbeya hadi Fundi aliporuhusiwa, akimgeuza kila baada ya saa mbili usiku ili asitoke vidonda, kwa mikono iliyozoea jembe.

Mzee yule aliniongezea jambo katika kazi yangu. Mpaka leo, watu wakibishana kuhusu tiba, nawaomba kwanza wakae na mgonjwa mlo mmoja.

Fundi alirudi Ipogolo kwa gari la kampuni, na mazoezi ya viungo akaendelea nayo katika hospitali ya mkoa, Iringa mjini. Kutoka Ipogolo ni mlima mtupu, na kumpandisha daladala mtu asiyekanyaga mguu mmoja ni shughuli. Vijana wa yadi walipanga zamu wenyewe, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilipokwenda kulipa mishahara ya Ipogolo nilimkuta wifi ana daftari: nani kampeleka, kapiga hatua ngapi, kasema neno gani. Neno la kwanza lililoandikwa humo ni "waya".

Nusu mshahara ulipoanza, ile akiba ya michango iliziba pengo na ada za Julai zikalipwa bila mtu kupitisha karatasi upya. Siku 126 zilipokaribia kwisha, Fundi alitembea kwa fimbo. Tulipeleka barua ya daktari ya kupendekeza kazi nyepesi, na safari hii meneja hakuhitaji kuoneshwa ukurasa. Alimweka stoo ya Ipogolo. Mkono wa kulia haukurudi kamili. Alihesabu vipuri kwa kushoto, na kijana aliyeleta gari lenye hitilafu ya umeme alioneshwa kwa kidole pa kuanzia.

Vidonge vya presha wifi alivitundika jikoni kwenye kimfuko, pembeni ya kopo la chumvi, na chumvi yenyewe akaipunguza kwa wote. Ipogolo wakipata mgonjwa wa kiharusi, wanamwita yeye aje kufundisha kulisha. Kabla hajagusa kijiko anauliza kama mshahara umeshaandikiwa barua na namba ya siri anayo nani.