Wati za Tenby, Pumzi za Iten

Kila Septemba, mji mdogo wa Tenby katika pwani ya Wales hujaa watu wa triathloni. Huogelea kilomita 3.8 baharini, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia marathoni nzima. Umbali huo ni wa Ironman yoyote duniani. Sifa ya Tenby ni vilima. Njia ya baiskeli ina mwinuko wa jumla wa takriban mita 2,400, na vile vikali zaidi, vya Wiseman's Bridge na Saundersfoot, hupandwa mara mbili.

Mtu wa Eldoret au Moshi aliyehamia Cardiff akijiunga na klabu ya huko, hakawii kuulizwa ana wati ngapi. Kifaa cha kupima nguvu hufungwa kwenye baiskeli, kocha hukadiria nguvu anayoweza kuidumisha kwa saa moja, kisha humwekea kiwango cha siku ya mashindano: mara nyingi asilimia 70 hivi ya nguvu hiyo. Kilimani anaruhusiwa kuzidi kidogo, maana pale nguvu ya ziada huokoa muda mwingi zaidi. Kwenye mteremko karibu yote huliwa na upepo. Aliyepangiwa wati 180 anaweza kupanda kwa 210. Akipanda kwa 300 anateketeza wanga uliohifadhiwa mwilini, na atakuja kuutafuta kwenye mbio za miguu asiupate.

Sebuleni hesabu hiyo ni nyepesi. Pale Saundersfoot watazamaji hujipanga pande zote mbili za barabara wakipiga kelele, na mtu mwenye akili zake timamu hujikuta amesimama juu ya pedali akishindana na asiyemjua.

Wakimbiaji wa Iten, Kenya, wana njia yao ya kujipima. Mji uko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na vikundi vya wakimbiaji hutoka alfajiri. Kilomita za kwanza za mbio ndefu huenda taratibu mno, hata mgeni kutoka Ulaya akadhani amewakuta siku ya mapumziko. Kasi hupanda bila mtu kutangaza, na kufikia nusu ya safari mgeni huyo huyo amebaki peke yake na vumbi. Halafu kuna barabara ya Fluorspar, inayotoka bonde la Kerio hadi Nyaru: kilomita 21 hivi za kupanda tu, mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Anayechomoka mapema huko chini hupitwa juu, tena na watu wanaopiga soga. Saa za GPS siku hizi wanazo wengi, ila pumzi ya jirani bado inasikilizwa kuliko saa.

Ajabu ni kwamba busara hiyo ya miguu huwa haivuki kwenda kwenye baiskeli. Vikundi vingi vya wikendi huku kwetu hugeuza kila kilima kuwa fainali. Wa kwanza kufika juu hutaniana na wa mwisho, wote wakihema. Ni raha, sikatai, na kwa mbio fupi inafaa. Kwa aliye na marathoni mbele yake ni ubadhirifu.

Kuogelea ni habari nyingine kabisa: mabwawa ya kufanyia mazoezi ni machache na ada zake si za kila mtu. Hata hivyo bwawa si lazima: Ironman 70.3 ya kwanza Afrika Mashariki, ya nusu umbali, ilifanyika Rubavu, Rwanda, Agosti 2022, na uwanja wa kuogelea ulikuwa Ziwa Kivu lenyewe.

Kifaa cha wati nacho ni ghali, hata kwa anayelipwa kwa pauni. Asiye nacho aazime kipimo cha Iten: kwenye kila kilima cha saa ya kwanza, amsemeshe jirani. Sentensi ikikatika katikati, ashushe gia na amwache mwenzake atangulie.