Mgonjwa Asinyamazishwe

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha watoto chuoni maana ya subira, wala sikujua kuwa neno hilo laweza kumwumiza mtu mpaka alipougua dada yangu.

Mwaka 2019 daktari alimpasha habari kwamba uvimbe ulio kifuani mwake ni saratani ya matiti. Tangu usiku ule usingizi ulimpotea na chakula kikamshinda. Akawa anakwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutiwa dawa mshipani. Nywele zilipoanza kupukutika aliniambia, "Kaka, naogopa." Nami nikamkata kauli: "Subiri, dada. Muumini haogopi." Akajifunika mtandio wake, asiseme tena.

Usiku mmoja nilimsikia akilia juu ya msala. Ndipo aliponieleza yaliyomsonga: alidhani maradhi yale ni adhabu; jirani alimtengea sahani yake peke yake; na kila aliyekuja kumzuru alimsimulia fulani aliyekufa kwa ugonjwa uo huo.

Nikatahayari. Nabii Yaakubu, aliyeazimia subira njema, alilia hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Basi mimi ni nani hata nimkataze dada yangu kulia?

Kesho yake tulimweleza daktari. Akasema kuwa hofu na kukosa usingizi huwapata wagonjwa wengi wa saratani, na kwamba mambo hayo yana tiba, kama kichefuchefu kilivyo na tiba.

Basi tukimzuru mgonjwa, tumwulize hali, kisha tunyamaze tumsikilize. Tusimsimulie mauti. Tule naye sahani moja, kwani saratani haiambukizi kwa kula pamoja. Na akiwa halali, au huzuni haimwondoki, au anatamani kufa, daktari aambiwe upesi. Jambo hilo si la kuonewa haya.

Alhamdulillahi, dada yangu yu hai, naye huenda kuangaliwa mara kwa mara. Kila siku hiyo ikikaribia, hofu humrudia. Siku hizi akiniambia, "Kaka, naogopa," mimi humvutia mkeka karibu, nikamjibu, "Hebu nieleze."

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, nasi atujaalie masikio ya kuwasikiliza. Amin.