Ajali Haina Kinga?

Ni nadra matanga ya aliyegongwa na gari kupita bila mtu kutamka kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, kuwaliwaza wafiwa. Hata hivyo, yana sumu ndani yake. Akubaliye kwamba ajali haina kinga huwa amekwisha kumsamehe dereva, mhandisi na serikali kwa pumzi moja, kabla hata kaburi halijafukiwa.

Chukua mfano wa njia panda ya Londiani, katika Kaunti ya Kericho. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo, likayaparamia magari na kuwavamia wachuuzi, abiria na wapita njia waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao hawakuwa safarini, walikuwa kazini.

Baada ya msiba kama huo, walaumiwao kwanza huwa wafu. Huulizwa: walitafuta nini barabarani? Jibu ni jepesi. Walitafuta riziki. Matatu husimama pale, na dirisha la matatu ndilo duka la mama muuza mahindi ya kuchoma. Aidha, mara nyingi barabara ndiyo iliyokikuta kijiji, si kijiji kilichoifuata barabara. Lami ilipowekwa, shule ilibaki upande huu, kisima upande ule, na mtoto akaachiwa kazi ya kuviunganisha kwa miguu yake mara nne kwa siku.

Mtoto huyo anashindana na nini? Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hula takriban mita 14 kwa sekunde moja. Liendalo kilomita 100 hula mita 28. Isitoshe, mwendo ukizidishwa maradufu, masafa ya kufunga breki huongezeka mara nne. Dereva anaweza kumwona mtoto vizuri kabisa na bado asiweze kumwokoa. Hapo tatizo si macho, ni mwendo.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inalijua jambo hili, ndiyo maana imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Lakini kibao peke yake hakimzuii mtu. Tuta humzuia. Wanakijiji wanaofunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka baada ya mwanafunzi kugongwa mara nyingi hudai kitu kimoja tu: matuta. Ni aibu kwamba ombi la shilingi chache hulazimika kuandikwa kwa damu.

Daraja nalo si dawa ya kila ugonjwa. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, watu wengi walionekana wakivuka chini licha ya hatari. Wakaitwa wakaidi. Lakini daraja lililo mbali na kituo halina faida kwa mama mwenye gunia mgongoni, wala ngazi ndefu hazimfai mzee mwenye mkongojo. Kivuko hujengwa pale watu wanapovuka, si pale mchoro unapopendeza.

La hasha, mtembea kwa miguu hajavuliwa wajibu. Atembee upande wa kulia akiyakabili magari, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na usiku avae nguo nyeupe. Lakini hayo ni mchango wa mnyonge katika mkataba ambao mwenye nguvu hajautia sahihi. Kosa la mwendaji lisilipiwe kwa uhai.

Kinga ya ajali ipo, basi. Ni tuta, ni njia ya waendao kwa miguu, ni soko lililosogezwa nyuma bila kunyang'anywa wateja, ni mguu wa dereva unaoinuka aonapo nyumba za watu. Asemaye haipo na aulizwe kwanza ni lini iliwahi kujaribiwa kijijini kwake.