Komeo Jema na Moshi wa Baruti

Nyumba hufungwa kwa komeo, na bunduki nayo vivyo hivyo. Magobore ya babu zetu hayakuwa na mlango nyuma: baruti na risasi zilitiwa kwa mdomo wa mtutu, zikashindiliwa kwa mdeki, na kwa kawaida mpigaji alifanya hayo hali amesimama, adui akimwona.

Paul Mauser na ndugu yake Wilhelm, mafundi wa mji wa Oberndorf katika Ujerumani, walitengeneza bunduki ijulikanayo kwa mwaka wake, 1871. Nyuma ya mtutu pana komeo la chuma lenye mkono. Mkono ukiinuliwa, komeo hufunguka, na papo hapo msumari wa ndani hujitega. Komeo likivutwa, huja na ganda la shaba la risasi iliyokwisha pigwa. Mtu huiinamisha bunduki ubavu, ganda likaanguka. Hutia risasi nyingine, husukuma komeo mbele na kuulaza mkono kuume. Bunduki i tayari. Hayo yote aweza kuyafanya amelala chini.

Risasi yake ilikuwa moja tu kwa mara moja, upana wake milimita 11. Lakini ufundi wa komeo lile ulikuwa mwema, na kutoka kwake Mauser akaendelea hata akapata bunduki ya mwaka 1898, ambayo komeo lake huigwa na mafundi wa bunduki za kuwindia hata leo.

Ila yake ilikuwa katika baruti nyeusi, yenye moshi mwingi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyofanya moshi mwingi. Mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya kuitumia, na mwaka 1888 Ujerumani nayo ikafanya vivyo hivyo. Bunduki za zamani hazikutupwa: nyingi walipewa askari Waafrika wa Wajerumani katika nchi yetu. Wakati wa Maji Maji, mwaka 1905 hata 1907, walipigana na watu wenye mikuki na magobore, na moshi haukuwadhuru sana. Lakini vita vya mwaka 1914 vilipoanza, kombania nyingi zilikuwa zingali na bunduki zile, na adui alikuwa na mpya. Askari alijificha kichakani, akapiga mara moja, na wingu likasimama juu yake. Pafukapo moshi pana moto. Adui alijua pa kulenga.

Mwezi wa Novemba mwaka ule, baada ya vita vya Tanga, Wajerumani waliteka bunduki mpya za Waingereza, na baadhi ya askari wakapewa hizo. Hivyo walisubiri mpaka adui aliposhindwa ndipo wakapata silaha ambayo wakubwa wao walikuwa nayo kwao Ulaya tangu miaka ishirini na sita.

Basi tukisifu komeo la Mauser, na tulisifu kwa haki, tusimsahau yule aliyelala chini ya moshi wake. Amtumaye mtu kazini na ampe chombo kiifaacho kazi ile. Kwa maana hasara ya chombo kibovu humpata kwanza yeye akishikaye.