Gitaa la Besi Nililoliuza Bondeni



Frateri aliyeniomba niandike alitaka makala juu ya muziki wa liturujia. Nilimwambia mimi si mwalimu wa muziki. Nafundisha hisabati shule ya sekondari, na kwa miaka 14 nimekuwa mpiga besi wa kwaya ya parokia hapa Sumbawanga mjini. Ninachokijua kuliko nota ni biashara ya vyombo vilivyotumika. Akasema, basi andika hiyo. Naandika, ingawa ndani yake kuna jambo ambalo hadi leo nimelisimulia mahali pawili tu, na mojawapo ni kwenye kitubio.

Huku kwetu mpiga besi haendi dukani kirahisi. Wapo wanaofunga safari hadi Kariakoo, lakini ukijumlisha nauli, chakula na kulala, umekwishanunua nusu ya gitaa kabla hujaligusa. Kwa hiyo vyombo vingi tunavyopiga vimepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Bendi imevunjika Mbeya. Kwaya ya Wamoraviani imepata kipya na inataka kuondoa cha zamani. Mtumishi amehamishwa Mpanda na mke wake hataki kuona spika ile ikipanda kwenye gari la mizigo. Sisi wapiga besi wa Sumbawanga, Laela, Matai, Namanyere na Tunduma tunafahamiana kwa namba za simu zaidi kuliko kwa sura. Mmoja akisikia besi inauzwa, kabla jua halijazama wote tumepata habari. Fedha inatumwa kwa simu, gitaa linafungwa kwenye blanketi kuukuu, linaingizwa kwenye kiroba, linawekwa kwenye buti la basi, na kondakta anapewa chake. Risiti hakuna. Kilichopo ni neno la mtu.

Na hatuuziani ili tutajirike. Ni walimu, mafundi cherehani, madereva, wakulima wa mahindi. Mtu anauza la nyuzi nne apate la nyuzi tano, halafu baada ya mwaka anagundua uzi ule wa tano hauhitaji, anarudi kutafuta la nyuzi nne. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Sijambishia.

Kukagua besi iliyotumika ni kazi inayotaka utulivu. Kwanza hulipigi. Unalishika kama seremala anavyoshika ubao, jicho moja limefumbwa, unaitazama shingo kutoka kichwani hadi mwilini uone kama imepinda au imejisokota. Kisha unalichomeka, unazungusha vitufe vya sauti taratibu. Vikikwaruza kama redio iliyopoteza stesheni, ni vumbi tu, vitasafishika. Unatikisa jeki. Unapiga kila uzi kwenye kila kizuizi, kuanzia chini hadi juu, bila mbwembwe, ukisikiliza pale panapolia kama nyuki ndani ya kopo. Ukikuta nafasi ya betri mgongoni, unaifungua, maana betri iliyovuja hula waya. Unauliza na zile pikapu, sumaku zilizo chini ya nyuzi, kama zimewahi kubadilishwa. (Shemeji yangu alinisikia siku moja nikisema kwenye simu kwamba nina pikapu mbili lakini moja haitoi sauti, akadhani nimetajirika.)

Amplifaya ina mtego wake. Nyingi za mtumba zinatoka Japani, na umeme wa Japani ni volti 100, wakati wa kwetu ni 230. Nyuma ya amplifaya kumeandikwa, lakini kwa maandishi madogo. Ya kwangu ya kwanza, mwaka 2011, niliichomeka moja kwa moja ukutani mbele ya kwaya nzima. Ilitoa moshi kabla haijatoa sauti. Mzee mmoja wa parokia, ambaye tangu mwanzo alisema besi ni ya dansi na haina nafasi kanisani, hakusema neno siku ile. Alitabasamu tu. Baadaye nilimwonyesha kifungu cha 120 cha Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, kinachokipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza lakini kinakubali na vyombo vingine, mamlaka husika ikiridhia na vikiwa vinafaa kwa matumizi matakatifu. Akajibu kwamba chombo kinaweza kufaa na mpigaji asifae. Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi.

Sasa nije kwenye gitaa lenyewe.

Lilikuwa Yamaha jeusi la nyuzi nne, nililolinunua kwa mtu wa Mbeya. Lilifika kwa basi, nikalikagua kama nilivyoeleza, likanipendeza. Ilichukua miezi kadhaa kabla sijajua ubovu wake. Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kirefu kilichofichwa. Nyuzi nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, na chuma kile ndicho kinachoishikilia isipinde. Mbao nayo haitulii. Ufipa tuko juu, Sumbawanga ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ni kavu. Mbao inanywea hadi ncha za vizuizi zinachomoza kando ya shingo na kukwangua kiganja. Mvua zikija inavimba, shingo inajikunja mbele, nyuzi zinapanda juu. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka unachukua kile kifunguo kidogo chenye umbo la herufi L, unaingiza kwenye nati iliyo mwisho wa chuma, unageuza robo mzunguko, basi. Kwenye gitaa langu nati ilikuwa imelika. Kifunguo kilizunguka bure kama kijiko kwenye kikombe.

Nilimpigia mtu wa Mbeya. Akasema, “Nilidhani unajua, kaka. Mimi pia nililikuta hivyo.”

Kiangazi gitaa lile halikuwa na neno. Nililificha kwenye kona hadi Agosti 2022, shingo ikiwa imenyooka yenyewe kwa ukavu, ndipo nikatangaza kwamba nauza. Naomba msomaji aone kwamba mwezi sikuuchagua kwa bahati.

Walikuja watu wawili kutoka kigango kimoja cha Bonde la Rukwa, huko chini ya ukingo wa Lyambalyamfipa. Mwenyekiti wa kwaya, mtu mzima wa kuamkiwa, na kijana ambaye ndiye angepiga. Kwaya yao ilikuwa imelima mpunga shamba la pamoja misimu miwili ili wanunue besi. Fedha, 420,000, ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, noti nyingi za elfu mbili mbili. Kijana alilipiga kwa woga kidogo, lakini alijua anachofanya. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, “Mwalimu, lina tatizo lolote?”

Nikamwonyesha pale chini rangi ilipochubuka. “Ni hapo tu,” nikasema.

Fedha ile niliifanyia kazi nzuri. Ilikwenda kwenye ada ya mwanangu. Nilijiambia kwamba niliuziwa hivyo, nimeuza hivyo. Kwamba bei ilikuwa ya chini. Kwamba hata wao wakija kuuza watauza hivyo hivyo.

Februari 2023, wiki ya Jumatano ya Majivu, kijana alipiga simu. Bondeni mvua zilikuwa zimekolea, na kule kuna joto la unyevu tusilolijua sisi wa juu. Nyuzi zimepanda, akasema, anabonyeza hadi vidole vinauma, na sauti haikai kwenye tuni. Ningeweza kusema palepale. Badala yake nilimwelekeza, kama fundi, atafute kifunguo cha L, aingize kwenye nati, ageuze robo mzunguko polepole. Nilisubiri kwenye simu. Nilimsikia akihema.

“Inazunguka tu, mwalimu,” akasema. Kisha baada ya kimya, “Nafikiri nimeiharibu mimi sasa hivi. Sikuwa na uzoefu. Nitawaambiaje wanakwaya?”

Nilimwambia asijali. Nikakata simu nikaenda kusahihisha madaftari.

Wakati ule parokiani kwetu alikuwepo frateri wa mwaka wa kichungaji, mpiga kinanda. Jioni moja baada ya mazoezi nilimuuliza swali kwa mzunguko, kama watu wanavyouliza wanapotaka jibu la “rafiki yangu mmoja”. Je, muuzaji analazimika kusema ubovu wa kitu? Alifurahi sana, maana ndiyo kwanza ametoka kwenye somo la maadili. Akanieleza kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino anajadili jambo hilo hilo katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 77. Ubovu unaoonekana, mfano farasi mwenye jicho moja, si lazima muuzaji autangaze, ilimradi bei aiweke ya haki. Mnunuzi ana macho. Lakini ubovu uliofichika, utakaomletea mnunuzi hasara au hatari, akiunyamazia anatenda udanganyifu. Na yule aliyeuza bila kujua hana dhambi, lakini siku atakapojua anawajibika kufidia.

Nikauliza, na kama yeye mwenyewe aliuziwa hivyo?

“Basi anadai kwa aliyemuuzia,” akasema frateri. “Hadai kwa atakayemuuzia.”

Rangi iliyochubuka ilikuwa farasi wa jicho moja. Nati ilikuwa kile kingine. Nilikuwa nimetumia ubovu mmoja kuufunika mwingine, na hilo sikumwambia frateri, atalisoma hapa. Katekisimu nayo, namba 2409, inaweka pamoja na wizi kule kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Nilikuwa nimeipita namba hiyo nilipofundisha watoto wa kipaimara, nikakazia wale wanaoiba mahindi shambani.

Kwenye kitubio nilijiandaa kusikia habari za fedha. Padre aliuliza jambo moja kwanza: “Kijana bado anaamini ni yeye aliyeharibu?” Sikuwa na jibu ila ndiyo.

Fedha sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni besi yangu mwenyewe, ya kahawia, niliyoipiga miaka tisa. Hiyo sijaisifu mpaka sasa na sitaisifu, maana nikianza makala haitaisha. Jumamosi ya kabla ya Matawi niliifunga kwenye begi lake, nikapanda gari la abiria hadi Ntendo na kutoka pale nikateremka na barabara ya Muze. Kule ukingoni unaliona bonde lote chini yako, na joto linakupokea kabla hujafika nusu ya mteremko. Begi nililipakata. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuanzia, na kila kona ya barabara niliyabadilisha.

Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi ya nyimbo za maandamano. Niliomba kusema mbele ya wote, kwa sababu ya kijana. Nikasema nati ililika kabla wao hawajaliona gitaa lile, kwamba nilijua siku walipokuja, kwamba nilijua alipopiga simu. Hakuna aliyenikaripia, na nadhani ningependelea kukaripiwa. Kina mama wa sauti ya kwanza walitazama chini. Kijana alikuwa amekaa na lile jeusi mapajani. Aliangalia shingo yake, akaangalia dirishani, akasema, “Mimi nimelipa elfu sitini ya adhabu, mwalimu.”

Sikuwa nimejua. Kwaya ilimkata, kidogo kidogo, tangu Februari.

Mwenyekiti akatoa daftari palepale akafuta jina lake kwenye ukurasa ule, akaahidi fedha itarudi. Nami nikaahidi kwamba elfu sitini ni yangu mimi, si ya kwaya, na nimeilipa kwa awamu tatu. Ya mwisho mwezi wa sita. Besi ya kahawia ilibaki kwao. Kijana alipoichomeka alipiga nota moja tu, akaiacha iishe yenyewe, akanitazama kama anayetaka kuuliza swali lile lile la Agosti. Hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe: jeki inalegea ukiitikisa upande wa kushoto, na kitufe cha chini kinakwaruza. Vingine sivijui, na nikivijua nitakupigia.

Wakati wa kuondoka mzee mwenyekiti alinipakilia debe la mchele. Nilikataa, akasema mgeni haondoki mikono mitupu, na sauti yake haikuwa ya kubishana nayo. Tuliula nyumbani Pasaka. Ulikuwa mchele mzuri wa bondeni, unanukia, na kila mtu mezani aliusifu isipokuwa mimi.

Lile jeusi sasa liko kwangu, limeegemea ukuta wa sebule. Ndilo ninalolipiga Jumapili, nyuzi zikiwa juu, vidole vimeota sugu. Fundi mmoja wa vyuma hapa mjini anajaribu kunitengenezea kifunguo kipana kidogo, chenye pembe kali, kitakachogongwa kiingie kwa nguvu ndani ya nati. Huenda kikashika, huenda kikaipasua kabisa. Mwezi uliopita alinipigia mtu wa Namanyere, alikuwa amesikia nina besi isiyotumika sana. Kabla hajauliza bei nilimweleza habari ya nati, mvua na kiangazi, na Mbeya. Nikamwambia laki moja na nusu, na kwamba hata hiyo aifikirie. Alicheka, akasema ni mara ya kwanza anasikia muuzaji akiharibu biashara yake mwenyewe. Akasema atanipigia.

Hii ni wiki ya tatu.