Barua kutoka Ughaibuni: Kuondoa Gari Mlimani

Sheffield, Uingereza



Mtanzania anayehamia Uingereza huruhusiwa kutumia leseni yake ya nyumbani kwa miezi 12, na baada ya hapo hulazimika kufanya mtihani wa nchi hii, ambamo anayefaulu kwa gari la otomatiki hupewa leseni isiyomruhusu kuendesha gari la gia za mkono, yaani lile lenye klachi. Kupita kushoto hakumpi tabu, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwao. Kinachomtoa jasho, hasa akiwa amezoea tambarare ya Dar es Salaam na magari ya otomatiki kutoka Japani, ni kuondoa gari mlimani.

Sheffield ni mji wa vilima, na barabara ya Jenkin Road, ambako mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipita mwaka 2014, ina sehemu yenye mwinuko wa asilimia 33, maana yake hupanda takriban mita 1 kwa kila mita 3 za mlalo. Mahali kama hapo, breki ikiachiwa kabla injini haijaanza kuvuta, gari hurudi nyuma kwa uzito wake.

Klachi ni kiungo kati ya injini na gia: pedali ikikanyagwa hadi chini, injini huzunguka peke yake, na ikiachiwa polepole, sahani ya klachi huanza kushika. Kwa hiyo dereva, akiwa amefunga breki ya mkono na kutia gia namba 1, hukanyaga mafuta kidogo, kisha huinua mguu wa kushoto taratibu mpaka mlio wa injini ushuke na pua ya gari inyanyuke kidogo. Hapo huutuliza mguu, huangalia vioo na nyuma ya bega la kulia, ndipo aachie breki. Akiharakisha klachi, gari huruka na kuzimika. Akiichelewesha huku akikanyaga mafuta mengi, sahani huungua na harufu yake hujaa garini.

Magari mengi mapya hujishikilia yenyewe mlimani kwa sekunde chache, lakini msaada huo haumfundishi dereva kuisikiliza klachi. Anayejiandaa kusafiri, kama ana ndugu mwenye gari la gia za mkono, atafaidika kujizoeza kwenye kona za barabara ya Mombo hadi Lushoto kabla ya kupanda ndege, kwani huku kila saa ya mwalimu hulipiwa kwa pauni.